Ambrose Shiundu Anastaafu, Barua ya Unga Ingali Failini

Ijumaa hii, tarehe 28 Agosti 2026, saa kumi na nusu jioni, Bw. Ambrose Shiundu, Mkaguzi Mkuu wa Karakana ya Mwewe, atavua ovaroli lake kwa mara ya mwisho baada ya kututumikia miaka ishirini na tisa na miezi mitatu. Kutakuwa na keki. Kutakuwa na soda, hotuba ya Meneja na saa ya ukutani iliyofungwa kwa karatasi ya maua. Kamati ya jarida iliniomba mimi, Beth Wangoi, niliyefanya kazi naye miaka kumi na miwili, niandike wasifu wake, na ikasisitiza nisisahau mambo ya kufurahisha. Yapo, nami nitayaandika. Lakini nimekasirika, na msomaji atanisamehe hasira ikitangulia furaha hapa na pale.

Kwa wageni watakaosoma jarida hili: karakana yetu iko kando ya uwanja wa ndege ndogo, na kazi yetu ni ndege za watu wanaojiundia wenyewe. Mtu hununua vipande kutoka ng'ambo, vikaja vimepakiwa kwenye makasha, akavishikanisha nyumbani kwake kwa miaka kadhaa, kisha akatuletea tumalizie na tukague. Nyingi siku hizi ni za nyuzi za kaboni, kitambaa cheusi kinacholoweshwa gundi na kukaushwa mpaka kikawa kigumu ajabu na bado chepesi. Hakuna ndege inayotoka kwetu bila sahihi ya mkaguzi, na tangu mwaka 2008 sahihi hiyo imekuwa ya Shiundu.

Alizaliwa Khwisero mwaka 1966, akaja Nairobi akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, akapanga chumba Sarang'ombe kule Kibera, na hajahama Sarang'ombe mpaka leo. Alianza kwa kugonga masanduku ya bati, yale ya wanafunzi wa bweni. Kila Januari wazazi walikuwa wakipanga foleni mbele ya kibanda chake. Mwaka 1997 mwanzilishi wa karakana hii, marehemu sasa, alinunua sanduku moja la mpwa wake, akalitazama, akarudi kesho yake kuuliza ni nani aliyepiga ribiti zile kwa mstari ulionyooka namna ile. Shiundu alidhani mteja amekuja kulalamika, akaanza kujitetea. Wiki iliyofuata alikuwa ameajiriwa.

Majirani zake walichukua miaka kumi kuamini kwamba anatengeneza ndege. Mtu wa Sarang'ombe akikwambia anatengeneza ndege, unamuuliza mbegu ya kuku ni ya aina gani. Mkewe, Mama Valentine, aliacha kuwaeleza akawa anawaambia tu kwamba mzee ni fundi wa bati. Kila asubuhi Shiundu alizunguka kupitia Makina, ingawa si njia ya karibu, kwa sababu kuna mama pale anayepika mahamri ya iliki ambayo yeye husema hayana mpinzani kutoka hapo hadi Mombasa. Mombasa kwenyewe hajawahi kufika. Wala hajawahi kupanda ndege hata siku moja. Tulipomuuliza kwa nini, alijibu, "Nitapanda siku nitapata mtu wa kunikagulia." Tulicheka, lakini nadhani hakuwa anatania kabisa.

Alikuwa na sikio. Alikuwa akipita akigonga bawa kwa sarafu ya shilingi ishirini, tok, tok, tok, halafu akasimama na kuchora duara kwa chaki. Ukikata pale ndani unakuta gundi haikushika. Vijana walijaribu kumtega mara nyingi kwa vipande vibovu walivyovificha kati ya vizima, na sijui siku waliyofaulu. Mimi alinifundisha jambo moja kwa mwezi, si zaidi, na lile la mwezi uliopita lazima nilirudie mbele yake kabla hajanipa jipya. Nilikuja hapa mwaka 2014 kutunza ghala. Leseni ya ukaguzi niliyo nayo leo ni kazi ya mikono yake.

Hayo ndiyo ya kufurahisha. Sasa nieleze kuhusu unga.

Mwanzilishi wetu aliacha agizo kwamba daftari la zamu liandikwe kwa Kiswahili, ili fundi asipate mahali pa kujificha. Fomu za serikali ni za Kiingereza, lakini daftari ni letu. Kila ukurasa ulikuwa na mistari ya kujaza, na mmoja uliandikwa hivi: "Kutu: ipo / hakuna." Fundi anakata lisilofaa. Ilikuwa kazi rahisi, na miaka mingi hakuna aliyeitilia shaka, kwa sababu kila mtu hapa anaijua kutu. Tumelala chini yake. Ni ile nyekundu ya mabati, inayokudondokea kwenye shuka mvua ikinyesha.

Mwezi wa Machi 2019 ililetwa kukaguliwa tena ndege ya Mzee Gichuru wa Gatina. Wengi mnamjua. Ana ploti kule Kawangware tangu enzi za baba yake, na katika jumba lake moja la kupangisha, ghorofa ya chini mahali palipokuwa na duka la viatu, alijiundia ndege ya kaboni ya viti viwili kwa miaka tisa. Mpangaji wa juu alilalamikia harufu ya gundi miaka yote tisa na hakuhama. Gichuru alikuwa akiruka nayo kwenda Pwani kila likizo, yeye na binti yake Nyawira, na kuiegesha wiki nzima karibu na bahari.

Shiundu alifungua mkia wa ndege ile kuukagua. Bawaba zinazoshika kibawa cha mkia, kile kinachoinua na kushusha ndege, zilikuwa za alumini, na zilifungwa kwa boliti moja kwa moja juu ya kaboni. Kuzunguka boliti za kushoto aliona vumbi jeupe, laini, na rangi ya juu yake imefura. Alilishika, akalisugua kati ya vidole. Halikuwa vumbi la barabarani. Akachukua daftari, na kwa kuwa ni mtu mkweli aliandika alichokiona kwa neno alilokuwa nalo: "Kutu: hakuna. Unga: upo, bawaba ya mkia ya kushoto. Ndege isiruke."

Nataka msomaji asimame hapo kidogo. Mtu huyu hakusomea kemia. Kutu aliyoijua ni nyekundu na hii ilikuwa nyeupe, kwa hiyo hakuiita kutu, lakini alijua ni ugonjwa na akasema ndege isiruke. Alikosea jina tu. Katika kila kitu kingine alikuwa sahihi.

Meneja wetu, Bw. Kabiru, alisoma daftari jioni ile. Alisoma "unga" na akaelewa unga. Wa ugali. Alimwita Shiundu ofisini mlango ukiwa wazi, na sote tulisikia. "Shiundu, hapa si jikoni. Unga kwa ndege ni ya nini?" Shiundu akaeleza kwamba si unga wa kula. "Basi kama si wa kula ni wa nini? Umeandika mwenyewe unga!" Shiundu akaomba waende waangalie pamoja. Walipofika, Benard, aliyekuwa fundi mpya wakati huo, alikuwa ameshapangusa ule weupe kwa kitambaa cha spiriti na kupaka rangi. Alimwambia Shiundu kwa heshima zake zote, "Mzee, kutu ni red. Hiyo ilikuwa vumbi tu, nimekusaidia nikaitoa." Ndege ilitoka kesho yake. Aliyetia sahihi ni mkaguzi wa kukodi aliyeitwa kwa simu, na hakufungua mkia.

Shiundu alipewa barua ya onyo. Nimeisoma tena wiki hii. Inasema alipatikana na kosa la "kuingiza bidhaa za chakula, hususan unga, katika eneo la kazi na kuchafua mali ya mteja." Chini kuna sahihi ya shahidi. Sahihi hiyo ni yangu. Meneja aliniuliza kama nimewahi kumwona Shiundu na pakiti ya unga ndani ya karakana, nikasema ndiyo, kwa sababu nilikuwa nimemwona. Alinunua pakiti ya kilo mbili wakati wa chakula cha mchana ili aende nayo nyumbani, kama Mkenya mwingine yeyote mwenye watoto. Nilitia sahihi nikicheka. Wote tulicheka. Kwa miezi mitano tulimwita Mzee wa Unga, na yeye alitabasamu tu na kuendelea na kazi. Kwa hiyo hasira ninayoiandika hapa, fungu langu pia limo ndani.

Agosti ya mwaka ule Gichuru na Nyawira walikuwa wakijiandaa kurudi kutoka Pwani. Nyawira ndiye hukagua ndege kabla ya kuruka, msichana makini, na alikishika kile kibawa cha mkia akakitikisa kama alivyofundishwa. Kilibaki mkononi mwake upande mmoja. Baba yake alikuwa ameshaingia ndani na kufunga mkanda. Binti alipiga kelele, "Daddy, toka! Imetoka na mkono!" Bawaba ya kushoto ilikuwa imevunjika kama biskuti, na ndani ya ufa wake kulikuwa na weupe uleule. Walirudi Nairobi kwa treni. Ndege ililetwa kwa lori.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini waliokaribia kuvunjika hapa hawakuwa wamekataa kusikia lolote. Walikuwa hawajaambiwa.

Bw. Kabiru alimweleza Mzee Gichuru kwamba ni chuma kibovu kutoka ng'ambo. Gichuru alisema sentensi ambayo imebaki msemo hapa kwetu: "Mimi nimejenga ploti nane, na sijawahi ona chuma nyeupe ikioza." Hakuna aliyemwonyesha daftari. Hakuna aliyemwomba Shiundu radhi. Mtu angedhani barua ile ingechanwa siku hiyohiyo, lakini ilibaki pale ilipo.

Shiundu hakudai radhi. Alitaka kujua ule weupe ni nini. Na jibu hakulipata katika kitabu chochote. Alilipata katika sufuria ya kanisa lao pale Sarang'ombe. Akina mama walipika githeri ya matanga siku ya Jumamosi, wakailoweka sufuria kubwa ya alumini kwa maji yenye chumvi, na kijiko kikubwa cha stenlesi kikasahauliwa ndani mpaka Jumatatu. Mama Valentine alipokwenda kuiosha alikuta unga mweupe na vitobo vidogo, na vitobo vyote vilifuata mstari ule kijiko kilipolala. Kwingineko kote sufuria ilikuwa nzima. Akina mama walitaka kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Shiundu aliwaomba, akaja nayo kazini. Siku hiyo kweli alileta chombo cha jikoni karakanani, na kwa bahati hakuna aliyemwandikia barua.

Alituita tuzunguke meza. Alichukua kipande cha kaboni na ukanda wa alumini, akaweka kati yao kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi, akagusisha nyaya za mita ya umeme. Mita ikasoma karibu nusu volti. "Hii ni betri," akasema. "Mmetengeneza betri mkiifunga boliti, na hamjui. Sasa betri lazima ikule kitu. Kaboni ni mdosi, bosi kabisa, haiumii. Alumini ndio inaumia." Kisha akaweka kati yao kipande kikavu cha faibaglasi, kile kitambaa cha nyuzi za kioo, na mita ikarudi sifuri.

Hayo ndiyo yote ya kujua, na nayaandika kwa sababu karakana nzima ilipaswa kuwa imeyashika. Kaboni ikigusana na alumini pakiwa na unyevu, alumini huliwa. Haihitaji bahari. Ukungu wa Julai unatosha, paa linalovuja linatosha, hata maji ya kuoshea ndege yanatosha. Kinga yake ni safu ya kitambaa cha kioo kati ya viwili hivyo, gundi ya kuziba kila tundu la boliti, na boliti za titani, metali isiyoliwa hivyo. Ni kazi ya polepole, ya vidole. Shiundu aliiandika hatua kwa hatua kwenye karatasi mbili, akazibandika ukutani, na mstari wa daftari ukabadilishwa: "Kutu nyekundu: ipo / hakuna. Kutu nyeupe: ipo / hakuna." Tangu siku hiyo ndege kumi na saba zimetoka hapa kwa utaratibu huo, na hakuna bawaba iliyoliwa.

Mwaka 2021 chama cha wanaojiundia ndege kilitoa ngao ya heshima kwa utaratibu uleule. Iko pale mapokezi, juu ya kiti cha wageni. Jina lililochongwa ni la Bw. Kabiru. Niliwahi kumuuliza Shiundu kama haimuumi. Alisema ngao hairushi ndege. Mimi iliniuma, na bado inaniuma kila nikipita pale. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kama mambo yangeishia hapo ningekuwa nimeandika wasifu wa kawaida wenye kinyongo kidogo, na kamati ingekata aya mbili tatu. Lakini hayakuishia hapo, na ndiyo maana nimekaa na kalamu hii nikiwa nimekunja uso.

Mzee Gichuru ana ndege mpya. Ya viti vinne, kaboni tupu, nzuri kwa kweli. Mkia wake ulifungwa hapa kwetu mwezi wa Novemba mwaka jana. Ulifungwa kwa bawaba za alumini, moja kwa moja juu ya kaboni, bila kitambaa cha kioo, huku karatasi mbili za Shiundu zikiwa zimebandikwa ukutani hatua sita kutoka pale. Si kwamba mafundi hawakujua. Benard, ambaye siku hizi ni fundi mzuri na mtu mwaminifu, aliniambia mwenyewe: "Wangoi, tuliambiwa turuke hiyo step. Mteja ana haraka." Mteja hakuwa na haraka. Nimemuuliza. Mwenye haraka alikuwa na kalenda yake ofisini.

Ndege ikakaa chini ya paa letu mvua zote za masika, na paa letu mnalijua. Mwezi wa Julai Shiundu aliufungua mkia. Bawaba zote mbili zina weupe. Mishikio ya mikanda ya viti vya nyuma ina weupe. Aliandika, safari hii kwa jina sahihi la ugonjwa, "Kutu nyeupe: ipo," akakataa kutia sahihi, na akaomba mkia wote ufunguliwe na kufungwa upya. Kazi ya wiki mbili.

Hakujibiwa. Wiki moja baadaye nilikuwa ghalani nyuma ya rafu za rangi, na Bw. Kabiru alikuwa akiongea kwa simu upande wa pili. Hakujua nipo, na sasa atajua. Alisema: "Huyo mzee amechoka. Si tungoje tu? Agosti si mbali."

Agosti si mbali. Miaka ishirini na tisa, na thamani ya mtu huyu machoni pa ofisi ikawa ni tarehe atakayoondoka. Mimi nilikuwa nadhani tunaandaa sherehe. Kumbe tulikuwa tunangoja mlinzi ageuze kisogo.

Shiundu si mjinga, alielewa bila kuambiwa. Aliandika barua akaomba abaki wiki mbili zaidi kwa kujitolea, afunge mkia ule kwa mikono yake. Alijibiwa kwamba kanuni ni kanuni. Nilipomfuata kumuuliza angependa zawadi gani, kwa sababu kamati ilinituma, aliweka chini kikombe chake cha chai. "Wangoi, mimi sitaki keki. Nataka ile ndege ifunguliwe." Hiyo ndiyo zawadi aliyoomba. Tumemnunulia saa ya ukutani.

Mama Valentine ananiambia mzee halali vizuri tangu Julai. Anahesabu viti. Na viti vile vina wenyewe: Jumamosi ya tarehe 5 Septemba Gichuru anakwenda arusi Pwani na mkewe, na Nyawira, na binti wa Nyawira mwenye miaka sita, ambaye ameshachagua kiti cha nyuma upande wa kulia ili aone Mlima Kilimanjaro. Mshikio wa mkanda wa kiti hicho niliutazama kwa tochi mwenyewe.

Sasa yanakuja ya kwangu. Kuanzia Jumatatu, tarehe 31, mkaguzi wa karakana hii ni mimi. Fomu ya ndege ile imeshaandaliwa, nimeiona, jina langu limepigwa chapa chini na mahali pa sahihi pakaachwa wazi. Nadhani wanaamini kwamba mwanamke aliyeanza ghalani, anayelipa karo ya watoto wawili na kodi ya nyumba Gatina, atashukuru kwa cheo na kushika kalamu. Walinichagua kwa kuwa ni mpole. Mwalimu wangu pia ni mpole, na hebu watazame alivyowasumbua.

Sitatia sahihi. Naandika hapa, katika jarida ambalo kila mfanyakazi atapewa mlangoni, ili isije ikasemwa baadaye kwamba sikueleweka. Na mkaguzi wa kukodi atakayepigiwa simu safari hii akumbuke kwamba ukurasa wa daftari wa Julai nimeupiga picha, pamoja na ule wa Machi 2019.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sikutaka tungoje kuumbuliwa na kifo cha mtoto. Kwa hiyo jana, Jumatano, kabla ya kupeleka maandishi haya yachapwe pale cyber, duka la kompyuta la Gatina, nilitembea hadi kwa Mzee Gichuru nikampa ayasome hadi hapa nilipofika. Aliyasoma amesimama kwenye geti la ploti yake, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, na wapangaji wakipita kumsalimia hakuitikia. Alipofika kwenye barua ya unga alirudi nyuma akaisoma tena. "Kwa hivyo huyu mzee aliiona hata ile ya kwanza? Kabla Nyawira aishike?" Nikamwambia ndiyo, miezi mitano kabla. "Na mimi nikaambiwa ni chuma ya ng'ambo." Alikunja karatasi polepole. Aliniuliza Shiundu anakaa wapi pale Kibera, nikamwelekeza, na akaingia ndani kumwita Nyawira wafuatane.

Nadai barua ile itolewe failini kabla ya saa kumi na nusu ya Ijumaa, na ichanwe mbele ya watu, nami niko tayari kuichana kwa niaba ya yeyote atakayeona mikono yake ni mizito. Nadai jina kwenye ngao libadilishwe. Najua nitaitwa ofisini. Nitakwenda, na mlango nitauacha wazi.

Mzee Shiundu, kwa niaba ya mafundi, watunza ghala, wapaka rangi na dereva wa lori lililobeba aibu yetu kutoka Pwani, asante. Ulituambia ukweli kwa neno ulilokuwa nalo, na tulipokucheka ulienda kutafuta neno jingine badala ya kunyamaza. Tunamshukuru Mama Valentine aliyekuazimisha kwetu miaka yote hii, na akina mama wa kanisa kwa sufuria yao ambayo hatukuwarudishia. Nakuombea afya, shamba lenye mvua ya wastani kule Khwisero, na wajukuu watakaokusumbua mpaka usahau sauti ya bawa.

Nyawira alinipigia simu leo asubuhi. Mkia unafunguliwa Jumatatu, baba yake akiwa amesimama kando kuuangalia, na hiyo safari ya arusi wameshakata tiketi za treni, nne. Basi usihesabu viti tena, Mzee wangu. Lala. Ndege ile haitaruka.